Samaki wa Koridoni

Watu wa nyumba ile ya Ilala wana mazoea ya kumwachia Bi Shadya vitu vyao. Anayesafiri humwachia ufunguo. Anayekwenda kujifungua humwachia mtoto mkubwa. Vicky, msichana wa saluni anayepanga chumba cha mbele, aliwahi kumwachia kuku walio hai akaenda zake Morogoro kwenye harusi. Mzee Aristides, aliyekuwa karani wa bandari kabla ya kustaafu, humwachia redio kila anapokwenda kwao Masasi, kwa madai kwamba redio ikikaa peke yake huingiwa na mende. Bi Shadya hupokea vyote kwa maneno mawili, "Weka hapo," na kila kitu humrudia mwenyewe kama kilivyokuja.

Sifa hiyo hakuipata bure. Alikuja mjini kutoka Lindi akiwa mke mchanga. Mumewe alikuwa na meza ya nguo za watoto, za mtumba, katika soko la Mchikichini, na alipofariki Bi Shadya aliirithi meza hiyo akaisimamia mwenyewe hadi leo. Pale sokoni, jirani akitaka kwenda kuswali au kunywa chai humwambia, "Bi Shadya, niangalizie," naye huangalia meza tatu kwa pamoja bila kupotea hata soksi. Husema kwamba amana ni nyepesi kuipokea na nzito kuirudisha. Wapangaji wenzake wameyasikia maneno hayo mara nyingi mno, na siku hizi humsaidia kuyamalizia.

Desemba moja aliachiwa samaki.

Samaki walikuwa wa familia ya Severine, mfanyabiashara wa ndoo na mabeseni kule Kariakoo, anayepanga vyumba viwili vya upande wa uani pamoja na mkewe Elieshi na binti yao Brightness. Kila Krismasi familia hiyo hufunga duka na kupanda kwao Machame, kama wafanyavyo wenye maduka wengi waliotoka Kilimanjaro. Siku hizo Kariakoo huwa na nafasi ya kupita bila kukanyagwa. Mwaka huo, hata hivyo, Brightness alikuwa na tangi la kioo, refu kiasi cha mkono wa mtu mzima, na ndani yake walikuwamo samaki wanne wa mapambo. Mkubwa kuliko wote, mwekundu mwenye mkia uliofunguka kama kanga juani, alimwita Mangi. Wengine walikuwa Malkia, Ndizi, na mmoja mdogo sana aliyeitwa Kisoda.

Brightness, mwanafunzi wa darasa la tatu, alikataa kusafiri. Hakulia. Alikaa tu juu ya sanduku lake la nguo, na kila alipoitwa alisema kwamba wao waende, yeye atabaki na Mangi. Baba yake alipandisha sauti na mama yake akashusha, lakini mtoto hakuinuka. Ndipo Bi Shadya alipotoka chumbani kwake, akachuchumaa mbele yake.

"Niachie mimi," alisema.

"Bibi, unajua kufuga samaki?"

"Sijui. Mama yako atanifundisha."

"Nitawakuta wote?"

"Utawakuta kama ulivyowaacha."

Brightness alimtazama kwa muda, kama anayepima, kisha akashuka kwenye sanduku. Gari la kwenda stendi likasubiri nje huku Elieshi akimwelekeza Bi Shadya kazi.

Kwa kuwa Severine huzima umeme wa vyumba vyake kila anaposafiri, pampu ya hewa ya tangi ingekosa umeme. Chumbani kwa Bi Shadya nako marobota ya nguo yalikuwa yamefika karibu na dari. Kwa hiyo tangi liliwekwa koridoni, juu ya meza imara kando ya mlango wake, na waya ukapitishwa chini ya mlango hadi kwenye soketi yake.

Maelekezo yenyewe hayakuwa magumu. Samaki wapewe punje za chakula mara moja asubuhi, kiasi cha kubanwa kwa vidole viwili, maana tumbo la samaki ni dogo kama jicho lake. Kila Jumamosi theluthi ya maji ivutwe kwa mpira, ikitoka na uchafu uliotua kwenye changarawe, na pengo lijazwe maji ya bomba yaliyolala siku nzima kwenye ndoo isiyofunikwa, ili dawa inayotiwa na mamlaka ya maji ipae. Maji ya kisima yasiguswe kabisa, kwa sababu visima vingi vya huku vina chumvi. Sifongo ya chujio isioshwe kwa sabuni wala bombani. Isuuzwe katika yaleyale maji machafu yaliyotolewa, kwa kuwa ndani yake wanaishi viumbe wadogo wasioonekana wanaosafisha maji kwa kula uchafu.

"Kwa hiyo uchafu mwingine ni mzuri," alisema Bi Shadya.

"Kidogo, mama."

"Haya. Weka hapo."

Juma la kwanza lilipita salama. Bi Shadya aliamka alfajiri, akaswali, akabana punje kwa vidole viwili kama alivyofundishwa, kisha akakaa kwenye kigoda mbele ya tangi kunywa chai kabla ya kwenda sokoni. Samaki walipanda wote mbele ya kioo kumtazama. Nyumba nzima iliwapenda. Mtu aliyekuwa akipita koridoni kwa haraka kuelekea bafuni sasa alisimama. Hata Tarsis, fundi wa friji anayepanga karibu na mlango wa nyuma, alizoea kurudi kutoka kazini na kuvuta stuli pale. Tarsis naye ni mtu wa Kilimanjaro, ila mwaka huo hakupanda.

"Wenzako wote wako mlimani," Vicky alimwambia. "Wewe umefukuzwa?"

"Nimeachwa nilinde mji."

"Mji upi? Wewe hata chumba chako umeshindwa kukilinda na panya."

"Panya wale ni wageni wangu. Wewe wako ni mende, mbona sisemi."

Baada ya Krismasi, Bi Shadya aliona kwamba maji yamebadilika. Hayakuwa machafu kwa namna aliyoijua, ya tope au ya rangi. Yalikuwa na ukungu mweupe, na kioo kwa ndani kilikuwa na utelezi. Jumamosi ilikuwa bado. Alijiambia kwamba ni joto la Desemba, maana korido ile haipati upepo, akaenda sokoni.

Jioni ile Brightness alipiga simu ya video kutoka Machame. Nyuma yake kulikuwa na migomba na watu wengi wakicheka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama. Hujambo? Huko kuna baridi, hawajakufunika blanketi?"

"Nimevaa sweta. Nionyeshe Mangi."

Bi Shadya aligeuza simu kuelekea kwenye kioo.

"Bibi, mbona maji kama uji?"

Kabla hajajibu, sura ya Elieshi ikatokea. Alitazama kwa makini, akauliza samaki wanakaa wapi, chini au juu. Bi Shadya alisema wanakaa juu, midomo ikigusa uso wa maji, wakifungua na kufumba kama watu wanaosoma dua.

"Mama, unawapa chakula mara ngapi?"

"Mara moja. Vidole viwili. Kama ulivyosema."

"Basi yupo mtu mwingine anayewapa. Chakula kikizidi huoza chini, maji yanakuwa sumu, wao wanakosa pumzi." Elieshi alisogea mbali na mtoto, akashusha sauti. "Usiwape kitu chochote sasa. Punguza maji theluthi leo, na kesho tena, na keshokutwa, mpaka yang'ae. Usiyabadilishe yote kwa pamoja, watapata mshtuko. Mangi akifa, mama, mtoto huyu hatatulia huku."

Simu ilipokatika, Bi Shadya alibaki amesimama. Katika nyumba ile hakuna mtu mbaya. Nani angetia kitu kwenye tangi la mtoto? Aliamua kwamba kabla ya kumshuku mtu ni vema kwanza kutazama. Alitoa kapu lake la nguo zilizokatika vifungo, akaketi kwenye kigoda ndani ya kivuli cha mlango wake, akaanza kushona.

Hakungoja sana. Vicky alitoka uani na sahani ya pilau iliyopashwa moto. Alipofika kwenye tangi alipunguza mwendo, akasema kwa heshima, "Karibuni jamani," akadondosha punje chache za wali majini, akaendelea na safari yake. Nyuma yake alikuja Mzee Aristides na mkono uliojaa korosho. Alisimama, akatafuna mbili, akavunja ya tatu kwa meno na kukitumbukiza kipande. "Na wewe, bwana mkubwa," alimwambia Mangi. Baadaye Tarsis alirudi na chapati ndani ya karatasi. Aliketi, akakata ncha, akaisokota hadi ikawa kama uzi.

Bi Shadya alikuwa tayari ameinua kichwa amkanye, lakini akakiinamisha tena. Alikuwa amekumbuka chai yake ya alfajiri. Kila siku, baada ya kuwapa samaki punje zao za vidole viwili, alikaa mbele yao na kipande cha mkate wa kumimina. Wao walipanda kumtazama. Yeye amelelewa Lindi, katika nyumba ambayo mtoto akionekana anakula mbele ya mwenzake bila kumkaribisha alinyang'anywa sahani. Kwa hiyo alivunja chembe ya mkate, kila siku, akawapa. Hakuihesabu kuwa ni chakula. Ilikuwa adabu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Hakuna aliyewalisha samaki kwa uzembe wala kwa utundu. Korido ya nyumba ya kupanga ndiyo njia ya kila sahani, na katika mji huu mtu hapiti na chakula mbele ya macho yanayomtazama bila kusema karibu. Binadamu aliyekaribishwa hujibu, "Asante, nimeshiba," na jambo huishia hapo. Samaki hawakuwa na jibu hilo. Walikaribishwa na kila mtu, na kila mara walikuja.

Bi Shadya aliinuka. Aliingia ndani, akatoa beseni jeupe na mpira, akaanza kuvuta maji kutoka chini kabisa ya tangi, akiupitisha mpira kati ya changarawe kama Elieshi alivyomwonyesha. Maji yaliyotoka yalikuwa na harufu. Pamoja nayo vilitoka vitu vingine, vimevimba na kuota utando mweupe. Theluthi ilipotimia aliziba mpira kwa kidole, akaliweka beseni sakafuni, chini ya taa, akawaita wenzake.

Walikuja wakaliinamia. Kila mtu alikitambua chakula chake.

"Hii chapati ya nani?" aliuliza Tarsis.

"Yako," alisema Vicky. "Nani mwingine humu anakula chapati nene kama godoro?"

"Na huu wali wenye binzari?"

"Pilau ya Krismasi. Si na wewe uliila, mbona unaigeuzia mgongo?"

Mzee Aristides alivaa miwani yake. "Korosho ni zangu," alisema. "Yule mkubwa alinitazama."

"Alikutazama vipi, mzee?" aliuliza Tarsis.

"Kama mtu."

"Samaki hana kope, mzee. Anatazama kila kitu. Hata ukuta anautazama hivyohivyo."

Bi Shadya alichukua kijiko, akachota kitu cha kahawia kilicholegea kama pamba, akakiweka ukingoni mwa beseni ili wote wakione. "Na huu ni mkate wangu," alisema.

Utani ukaisha. Vicky alitazama tangi, akatazama beseni. Alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye alidhani ni yeye peke yake anayewakumbuka. Tarsis alisema hata yeye. Mzee Aristides alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Tuyamwage yote basi," Tarsis alisema. "Tusugue kioo kwa sabuni, tuweke maji mapya. Dakika mbili, kazi imekwisha."

"Wewe umewahi kufua sweta la sufu kwa maji ya moto?" Bi Shadya alimwuliza.

"Mimi hufua kwa kuloweka tu."

"Linatakata. Linang'aa. Ila halimwingii mtu tena. Mwenye samaki amesema theluthi, itakuwa theluthi."

Sifongo aliisuuza kwenye beseni, katika maji yaleyale ya tangi, akaibana mara chache tu, akairudisha ikiwa bado na rangi ya chai. Mtu msafi kama yeye hakuipenda rangi hiyo, na mikono yake ilitamani sabuni. Lakini aliirudisha hivyohivyo.

Likabaki jambo la maji ya kujazia, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mtaa wao hupata maji ya bomba kwa zamu, na zamu ilikuwa imeruka. Wasukuma mikokoteni walipita na madumu, lakini yale yalikuwa ya visima. Pipa la Bi Shadya mwenyewe lilikuwa karibu kukauka, kwa kuwa juma hilo alifua mzigo wa nguo za watoto wachanga. Alijua kwamba kila mpangaji ameficha maji yake baridi, yasiyo na chumvi, mahali fulani, ya kunywa na ya kupikia, na kwamba katika siku kama hizo mtu haombi maji ya mwenzake.

Tena Bi Shadya hakuwa mtu wa kuomba. Miaka yote watu walikuja mlangoni kwake na vitu vyao, na yeye alivipokea. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alisimama mlangoni kwa mtu mikono ikiwa mitupu. Aliifunga kanga yake upya, ingawa haikuwa imelegea.

"Nina haja na maji," alisema. "Ya bomba. Kila mtu kiasi atakachoweza."

Wote waliondoka, na kwa muda korido ilikuwa na mlio wa pampu peke yake. Kisha Tarsis alirudi na dumu. Bi Shadya alichovya kidole akaonja.

"Ya chumvi haya."

"Muuzaji aliapa kwamba ni baridi."

"Aliapia mfuko wake. Yapeleke bafuni."

Vicky aliburuta ndoo kubwa iliyofunikwa. Bi Shadya alimwuliza kama ameyatia dawa, naye alikiri kwamba ametia, matone mawili tu, maana mtaani kulikuwa na maneno ya kipindupindu. "Mazuri kwako, mabaya kwao," Bi Shadya alisema. "Ila samaki wakipewa ya mzee, mzee atakunywa yako." Na ndivyo walivyofanya. Mzee Aristides ana desturi ya kuyalaza maji yake kwenye mtungi mpana, wazi, chini ya kitambaa chepesi, ili yapoe. Yalikuwa yamelala tangu juzi. Bi Shadya aliyatia kwenye tangi kidogo kidogo, kwa kikombe, akiyateremsha kwenye ukingo wa kioo ili wasishtuke. Maji mengine ya bomba yaliyopatikana humu na humu yaliachwa koridoni kwenye ndoo wazi kwa ajili ya kesho yake. Kwa siku hizo Mzee Aristides alipikia na kunywa maji ya Vicky, akilalamika kwamba chai yake ina harufu ya zahanati.

Alfajiri, Bi Shadya aliposhusha mswala, alikwenda kwenye tangi kabla ya kuswali. Kisoda alikuwa amelala ubavu juu ya maji. Mangi na wengine walikuwa bado juu, lakini midomo yao haikuwa na haraka ya jana. Alimtoa Kisoda kwa kijiko, akamfunga kwenye kipande cha kitambaa laini alichokata kutoka gauni la mtoto lisilouzika, akamzika uani ndani ya kopo ambamo Vicky amepanda mshubiri. Kisha akaenda kuswali akiwa amechelewa kidogo.

Siku hiyo hakwenda sokoni. Alipunguza maji theluthi, akajaza. Kesho yake hivyohivyo, na keshokutwa. Samaki hawakupewa kitu. Walipokuja mbele ya kioo kumtazama, yeye alihamia uani na chai yake. Wapangaji wengine nao walianza kupita koridoni wakiwa wamefunika sahani kwa mkono, wanatazama upande wa pili kama watu wanaodaiwa. Taratibu ule ukungu ukaisha. Siku moja Malkia alishuka chini, akadokoa changarawe, Ndizi akamfuata, na mwishoni Mangi mwenyewe akauacha uso wa maji, akazunguka tangi zima na mkia wake mkubwa.

Jioni hiyo Tarsis alikuja na mfuko wa plastiki uliojaa maji na hewa. Ndani yake kulikuwa na samaki mdogo, mwekundu, mwenye doa jeupe shavuni.

"Nimezunguka Kariakoo nzima," alisema. "Mtazame. Huyu na Kisoda ni pacha. Mtoto hatajua."

Bi Shadya alimtazama. Alifanana kweli. Alimweka kwenye chupa pana ya kioo iliyokuwa ya achari, yenye maji yaliyolala, akaiweka kando ya tangi. Kisha akampigia simu Elieshi na kumweleza kila kitu, hadi mkate wa kumimina. Elieshi alicheka, halafu akasema neno lilelile la Tarsis.

"Usihangaike, mama. Kama wanafanana, mwache aingie. Mimi mwenyewe nimekuruhusu."

"Samaki hukuniachia wewe," Bi Shadya alisema. "Aliniachia yeye. Tena nilimwahidi."

Walirudi baada ya mwaka mpya, mchana, na mikungu ya ndizi juu ya gari. Brightness aliingia koridoni akikimbia. Bi Shadya alikuwa ameketi kwenye kigoda, mbele kabisa ya tangi, na hakumpisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Simama hapa kwanza. Nilikuambia utawakuta wote. Hutawakuta wote. Kisoda amekufa."

Brightness alisimama. Begi lake la mgongoni lilikuwa limeteleza kwenye bega moja, na hakulivuta.

"Alikufa kwa njaa?"

"Kwa shibe."

"Nani alimshibisha?"

Nyuma yao milango ilikuwa wazi. Vicky alikuwa amesimama na kitana mkononi. Tarsis alikuwa na bisibisi. Mzee Aristides alikohoa kidogo, kama mtu anayeitwa kwenye mkutano.

"Mimi," alisema Bi Shadya. "Kwa mkate."

"Na mimi, mjukuu wangu," alisema Mzee Aristides. "Korosho."

"Wali," alisema Vicky.

Tarsis alitazama bisibisi yake. "Chapati. Nene."

Mtoto aliwatazama watu wazima wanne, mmoja baada ya mwingine. Bi Shadya alisogeza kigoda. Brightness aliinama kwenye kioo, na Mangi akaja mbele, mkia umefunguka, maji nyuma yake yakiwa safi hadi mtu angeweza kuhesabu changarawe. Alikaa hapo muda mrefu. Machozi yalimtoka kidogo, akayafuta kwa mkono wa sweta ambalo hakuwa bado amelivua katika joto lile.

"Na yule wa kwenye chupa?"

"Mgeni. Ameletwa na mjomba Tarsis."

"Anaitwa nani?"

"Hana jina. Tulikuwa tunakusubiri."

"Nitafikiria," alisema Brightness.

Siku iliyofuata Elieshi alipika ndizi kwa nyama, sufuria kubwa, akagawa nyumba nzima. Kwa kuwa uani kulikuwa na jua kali, watu walikula koridoni, wamejipanga kwenye stuli na vizingiti. Brightness alikaa karibu na tangi, na hakuangalia sahani yake. Aliangalia mikono ya watu. Vicky alikula ameugeukia ukuta. Mzee Aristides alikula amefumba macho, jambo lililomfanya Tarsis amwulize kama anakula au anasali.

Bi Shadya alipokea sahani yake akaketi palepale pake, kwenye kigoda, mbele ya kioo. Samaki walikuja kumtazama. Hakuwapa mgongo. Aliinamisha kichwa kidogo kama afanyavyo kwa mtu yeyote aliyemkuta anakula, akasema, "Karibuni," kisha akala, kipande baada ya kipande, bila haraka, mpaka sahani ikawa nyeupe. Mkono wake haukwenda kokote ila kinywani.

Brightness aliufuatilia mkono huo hadi mwisho. Alipoona umeoshwa na kukauka, aliinuka, akaingia chumbani kwao, akatoka na kopo dogo la chakula cha samaki.

"Shule inafunguliwa," alisema. "Nikikiacha hapa, watawapa. Kaa nacho wewe, bibi."

Bi Shadya alilitazama lile kopo. Hakuna aliyewahi kumwona akichelewa kupokea kitu. Vicky alipitisha vyombo, Tarsis akavuta miguu kumpisha, pampu ikaendelea kutoa mapovu yake. Kisha Bi Shadya alikunjua kanga mapajani.

"Weka hapo," alisema.